UZI: Kulungu wa Marekani "wenye jeni ya kinga" dhidi ya ugonjwa wa kukonda. Jeni ipo, lakini haikingi

#1 MwanaHandeni

Wakuu salaam.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu kwamba huku Marekani wamegundua jeni inayowakinga kulungu na "ugonjwa wa zombi". Watu wengi wamenitumia wakitaka kujua ukweli kwa sababu nafanya kazi maabara ya wanyama hapa Wisconsin. Naona nijibu hapa, na kwa kirefu. Jeni hiyo ipo kweli, tena wataalamu wanaijua kwa zaidi ya miaka 20. Ila haikingi. Inachelewesha, na kuchelewesha huko kuna madhara ambayo ujumbe huo haugusi hata kidogo.

Nianzie kwenye ugonjwa wenyewe. Huku tunauita CWD, ugonjwa sugu wa kukonda. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti wa wanyamapori huko Fort Collins, Colorado, kwa kulungu waliokuwa wamefungiwa. Wanyama walikuwa wanakonda, wanatokwa na mate, wanainamisha kichwa, kisha wanakufa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni lishe mbaya au msongo wa kufungiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari kijana wa mifugo, Elizabeth Williams, aliweka ubongo wao chini ya hadubini akakuta umejaa vitundu vidogo vidogo, kama vile vinavyoonekana kwa kondoo wenye skrepi, ugonjwa wa ubongo wa kondoo. Yeye na Stuart Young wakachapisha matokeo mwaka 1980. Mwaka uliofuata ugonjwa ukakutwa porini, kwa elki (jamii kubwa ya kulungu), huko huko Colorado. Leo umeshaingia zaidi ya majimbo 30 ya Marekani, majimbo kadhaa ya Kanada, Korea Kusini (huko ulifika na elki walionunuliwa Kanada), na tangu 2016 uko Norwe, kisha Finlandi na Uswidi.

Anayeua ni prioni. Si virusi, si bakteria. Ni protini ambayo kila mnyama mwenye uti wa mgongo anayo, hasa kwenye seli za neva, ila hii imekunjika vibaya. Ikikutana na protini nzima inaikunja nayo, na hiyo inakwenda kukunja nyingine, mpaka ubongo unaharibika. Hakuna chanjo, hakuna dawa, na mnyama akishaugua haponi tena. Stanley Prusiner ndiye aliyeipa jina prioni mwaka 1982, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sasa jeni. Protini hiyo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo PRNP. Ni mnyororo wa asidi amino zaidi ya 200, na kulungu hawafanani wote. Kwa kulungu wa mkia mweupe, ambao ndio wengi huku, nafasi ya 96 kwenye mnyororo mara nyingi ina glaisini, lakini wengine wana serini. Wanaandikwa 96G na 96S. Nafasi ya 95 wachache sana wana histidini (95H) badala ya glutamini. Kwa kulungu wa magharibi, wale wenye masikio makubwa kama ya nyumbu wa kupandia, nafasi muhimu ni ya 225: serini au fenilalanini (225F). Kwa elki ni ya 132: methionini au lusini (132L).

Takwimu za porini zinaonyesha wazi kwamba wanyama wenye 96S hukutwa na ugonjwa mara chache kuliko wenye 96G pekee. Kule Wyoming na Colorado, utafiti wa mwaka 2005 ulikuta uwezekano wa kulungu mwenye serini mbili nafasi ya 225 kuwa mgonjwa ni takriban mara 30 kuliko mwenye serini moja na fenilalanini moja. Hapo ndipo watu wanaposhika neno "kinga" na kukimbia nalo.

Lakini mlishe huyo "mwenye kinga" prioni za kutosha uone. Jaribio lilifanyika, kulungu wa mkia mweupe wakapewa ugonjwa kwa mdomo. Wa kawaida waliishi karibu siku 690. Wenye 96S moja, karibu siku 950. Waliorithi 95H upande mmoja na 96S upande mwingine walifika karibu siku 1,600, zaidi ya miaka minne. Wote walikufa kwa ugonjwa huo huo. Elki nao hivyo hivyo: wenye methionini mbili miezi kama 23, mchanganyiko miezi 40, wenye lusini mbili karibu miaka mitano.

Fikiria sasa huyo wa siku 1,600 akiwa porini. Kwa muda mrefu haonekani mgonjwa. Anakula, anazaa, anatembea na kundi, na kuna wakati ndani ya miaka hiyo anaanza kumwaga prioni kwa mate, mkojo na kinyesi. Prioni zikifika ardhini hushikana na udongo wa mfinyanzi na kukaa miaka bila kuisha nguvu. Kwake yeye kuchelewa ni nafuu. Kwa kundi na kwa ardhi ile, sioni nafuu iko wapi.

Maswali karibuni.

#2 Jabali_Nakuru

Asante kwa maelezo mkuu. Mimi nimekwama sehemu moja. Kama ni protini tu inakunja protini nyingine, asidi amino moja kati ya 200 inawezaje kuleta tofauti ya miaka mitatu? Na je, binadamu nasi tuna tofauti kama hizo?

#3 MwanaHandeni

Jabali, swali zuri.

Prioni inakunja protini inayofanana nayo vya kutosha. Umbo la protini linategemea mpangilio wa asidi amino zake. Ukibadilisha moja katika sehemu nyeti, ile nzima haikubali kukunjwa kirahisi na prioni iliyotoka kwa mnyama mwenye mpangilio tofauti. Inakunjika, lakini polepole. Na mnyama aliyerithi aina mbili tofauti, moja kwa mama na moja kwa baba, anakuwa na protini mbili zinazochanganyika, na hilo nalo hupunguza kasi.

Binadamu tunazo. Nafasi ya 129 kwenye protini yetu ina methionini au valini, na ndiyo inayolingana na ile ya 132 ya elki. Uingereza walipopata kichaa cha ng'ombe, nacho ni ugonjwa wa prioni, kilichotambuliwa mwaka 1986, na mwaka 1996 kikatangazwa kwamba kimeingia kwa watu, karibu wagonjwa wote waliopimwa jeni walikuwa na methionini mbili nafasi hiyo. Kwa miaka 20 watu wakaamini wenye mchanganyiko wako salama. Kisha mwaka 2016 akafariki mgonjwa mwenye methionini moja na valini moja. Ni mmoja tu, ila alitosha kuonyesha kwamba kutougua mapema si sawa na kutougua kabisa.

#4 Mzalendo_Kagera

Mkuu naomba nikupinge kwa hoja. Uingereza hao hao walikuwa na skrepi ya kondoo kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 2001 wakaanza mpango wa taifa wa kupima madume na kuzalisha wenye jeni ya ARR, na skrepi ikashuka sana. Kondoo mwenye ARR mbili ni nadra mno kupata skrepi ya kawaida. Na kule Papua New Guinea, kwa watu wa Fore waliokuwa wakiugua kuru, ugonjwa wa prioni wa binadamu, kulikutwa watu wenye badiliko nafasi ya 127 ambalo majaribio ya panya yameonyesha linazuia prioni kabisa. Kwa hiyo jeni za kinga zipo. Kwa nini kulungu wasizalishwe kwa namna hiyo? Naona unawakatisha tamaa watu bila sababu.

#5 MwanaHandeni

Mzalendo, umeleta mifano miwili yenye nguvu na yote ni ya kweli. Nitajibu kwa urefu kidogo.

Kondoo wana ARR. Kulungu hawajapatikana na kitu kinachofanana nayo. 96S, 95H, 225F, 132L, zote zinapunguza uwezekano au kasi, hakuna hata moja iliyothibitika kuzuia. Ile ya Wafore, G127V, ilipatikana kwa binadamu, na kulungu wa porini hawana. Kwa hiyo ukianza kuzalisha leo, unazalisha kwa ajili ya kuchelewesha.

Pili, kondoo ana mwenyewe. Dume analetwa, anatolewa damu, anapewa namba ya sikioni, asiyefaa anakwenda buchani. Kulungu wa porini hapa jimboni ni zaidi ya milioni moja, hawana zizi. Wafugaji wa kulungu wa biashara wanaweza kufanya hivyo kwenye mashamba yao, na wengi wameanza. Wanapima PRNP pamoja na maeneo mengine mengi ya vinasaba, kwa sababu imeonekana si jeni moja tu inayohusika. Kwa shamba lenye uzio sina ugomvi sana. Kinachonitia wasiwasi ni hatua inayofuata. Oklahoma mwaka 2024 ilipitisha sheria inayofungua njia ya kuachia porini kulungu waliozalishwa mashambani kwa jeni hizo. Nimeisoma na nikapata wasiwasi mkubwa, kwa sababu ya jambo hili la tatu ambalo ndilo zito kuliko yote.

Prioni nayo inabadilika. Watafiti wa Alberta walichukua prioni kutoka kwa kulungu wa 95H waliougua, wakazijaribu kwa panya waliopandikizwa protini ya kulungu ya 96S. Panya hao prioni za kawaida za Wisconsin zilikuwa zimeshindwa kuwaambukiza. Hizi zilizopita kwa mnyama wa 95H ziliwaangusha. Ni aina mpya, tabia yake tofauti, na imezaliwa ndani ya mwili wa mnyama ambaye tunamwita sugu. Ukijaza pori kwa wanyama wa aina moja ya jeni, unazipa prioni mahali pa kujifunza kupita hapo. Na aina mpya ikitokea, hujui itashika mnyama gani mwingine.

Sikatishi tamaa mtu. Nasema tusiweke matumaini mahali ambapo ushahidi hautufikishi.

#6 DaktariWaMifugo_Isiolo

Nimefuatilia uzi kimya, sasa naomba nichangie kidogo kwa sababu watu wa huku wanaweza kufikiri hili halituhusu.

Kulungu wa familia ya hao wa Marekani hatuna. Swala, tandala, pofu, hao ni ndugu wa ng'ombe na mbuzi. Lakini wakati wa kichaa cha ng'ombe kule Uingereza, wanyama wa Kiafrika waliokuwa kwenye bustani za wanyama waliugua: tandala mkubwa, nyala, pofu, choroa. Walilishwa chakula chenye unga wa nyama na mifupa. Kwa hiyo wanyama wetu wanaweza kupata ugonjwa wa prioni, hilo halina ubishi.

La karibu zaidi ni ngamia. Mwaka 2018 watafiti wa Algeria na Italia walitangaza ugonjwa wa prioni kwa ngamia wa nundu moja waliofika machinjioni Ouargla wakiwa wanatetemeka, wakali, hawawezi kusimama vizuri. Baadaye ukakutwa Tunisia. Mimi kila siku niko na wafugaji wa ngamia hapa, na kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia ndiko kuliko na ngamia wengi. Ngamia akianza kuwa na wenge, mfugaji anasema ni kichaa au ni sumu ya majani, anachinja, nyama inauzwa. Hakuna anayepeleka ubongo maabara.

MwanaHandeni, kuna lolote linalojulikana kuhusu jeni za ngamia?

#7 MwanaHandeni

Daktari, heshima kwako. Nashukuru umelileta hilo, maana mimi nilikuwa nimejifungia kwenye kulungu.

Jeni ya PRNP ya ngamia imesomwa, na tofauti kati ya ngamia mmoja na mwingine zilizoonekana ni chache mno. Hilo kwangu ni la kuogopesha kuliko kutuliza. Kulungu angalau kuna wachache wanaochelewa. Kundi ambalo wote wanafanana likipata prioni inayowafaa, hakuna wa kuipunguza kasi. Kwenye tezi za limfu za wale ngamia wa Algeria prioni zilikutwa pia, na hiyo ni dalili inayofanya mtu afikirie uambukizaji kati ya mnyama na mnyama, kama ilivyo kwa kulungu na kondoo. Kwa kweli mtu kama wewe akipata njia ya kuchukua sampuli za wale wanaochinjwa wakiwa na wenge, itakuwa kazi kubwa kwa ukanda mzima.

#8 MamaTunu

Habari zenu wanangu. Mimi niko Minnesota kwa mwanangu. Jirani yake ni mwindaji, kila Novemba anatuletea nyama ya kulungu na soseji. Tunakula na watoto. Nimesoma uzi huu nimepoteza hamu. Je, tumekula ugonjwa? Na nikiichemsha sana, si inakufa?

#9 MwanaHandeni

Shikamoo mama. Pole kwa wasiwasi, na umefanya vizuri kuuliza.

Kwanza utulie: hakuna binadamu hata mmoja aliyethibitishwa kuugua kwa kula nyama ya kulungu, na watu wamekuwa wakila kwa miaka mingi. Lakini taasisi ya afya ya Marekani, CDC, inashauri nyama ya eneo lenye ugonjwa ipimwe kabla ya kuliwa, na ikionekana ina CWD isiliwe. Mimi nafuata hivyo hivyo nyumbani kwangu.

Kuchemsha hakusaidii mama. Prioni haina uhai wa kuuawa. Moto wa jikoni hauiwezi.

Mwambie mwanao amuulize jirani maswali mawili: kulungu alipigwa wilaya gani, na alipimwa? Kupima si kazi kubwa. Hapa kwetu Wisconsin kuna vibanda vya kujihudumia barabarani. Mwindaji anakata kichwa na kipande cha shingo, anakitia kwenye mfuko, anajaza fomu, anafunga lebo yenye namba, anaacha ndani ya pipa. Vinatufikia sisi. Tunapasua nyuma ya koo tunatoa tezi mbili za limfu, kila moja kama kidole gumba, na hizo ndizo zinazopimwa, kwa sababu kwa kulungu prioni hutokea hapo kabla hata hazijafika kwenye ubongo. Mwindaji anapata majibu kwa namba yake.

Soseji ndiyo ningeiangalia zaidi. Viwanda vidogo vya nyama mara nyingi vinachanganya kulungu wa wawindaji kadhaa kwenye mashine moja. Jirani yako anaweza kuwa amepima wake, na bado soseji ina ya mwingine. Aombe asagiwe wake peke yake. Na nyama iwe imetolewa mifupa, pasiwe na ubongo, uti wa mgongo, macho, wengu wala tezi. Visu na meza: dawa ya klorini ya kufulia (jiki), sehemu mbili kwa tatu za maji, iache dakika tano. Inasafisha sehemu ya juu ya chuma, lakini haipenyi kwenye kipande cha nyama kilichobaki, kwa hiyo sugua kwanza.

#10 MamaTunu

Marahaba baba. Ahsante sana. Hiyo ya soseji sikuijua kabisa. Nitamwambia leo leo.

#11 Mzalendo_Kagera

Mkuu nimekuelewa kwenye kuzalisha. Ila tuache maumbile yafanye yenyewe basi. Umesema wenye 96G wanakufa haraka, wenye 96S wanabaki. Baada ya vizazi kadhaa si wote watakuwa 96S? Nimesoma Wyoming hilo limeanza kuonekana.

#12 MwanaHandeni

Limeonekana, ndiyo. Utafiti uliotoka mwaka 2021 kule Wyoming ulikuta makundi yaliyoishi na ugonjwa muda mrefu yana 225F zaidi. Kwa elki pia, 132L imeongezeka sehemu zenye ugonjwa wa zamani. Uteuzi wa asili unafanya kazi mbele ya macho yetu.

Ila tazama bei yake. Huko huko Wyoming, kundi moja la kulungu wa mkia mweupe lilikuwa linapungua kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kundi la wale wa masikio makubwa lilipungua kwa karibu asilimia 21 kwa mwaka. Uteuzi wa asili maana yake ni hivyo vifo. Na ukumbuke mwisho wa safari hiyo si kundi lisilo na ugonjwa. Ni kundi la wanyama wanaougua polepole juu ya ardhi iliyojaa prioni, pamoja na aina mpya za prioni zilizopikwa njiani.

Nikupe mfano ambao ndio ulionifanya niamini ninachoamini. Wisconsin na Illinois zimepakana. Kulungu wanavuka mpaka, damu yao ni ile ile, mgawanyo wa jeni hautofautiani kiasi cha kuleta mambo. Wote walikutwa na ugonjwa mwaka 2002. Illinois wakaanza kupunguza kulungu kwa wapiga risasi wa serikali kwenye maeneo madogo yenye ugonjwa, wakaendelea mwaka baada ya mwaka bila kuacha. Wisconsin walianza kwa nguvu zaidi, wananchi wakakataa, na kufikia 2007 wakalegeza. Miaka kumi ya mwanzo Illinois walibaki karibu asilimia 1. Huku kwetu ugonjwa ukaanza kupanda tangu walipolegeza na haujashuka. Jeni zile zile, matokeo mawili.

Norwe walikwenda mbali zaidi. Ugonjwa ulipokutwa kwa rendia (kulungu wa nchi za baridi) wa Nordfjella mwaka 2016, waliua kundi zima, zaidi ya wanyama 2,000, kazi ikaisha 2018. Iliwauma sana, maana wale ni miongoni mwa rendia wa mwisho wa porini Ulaya. Mwaka 2020 ukakutwa tena Hardangervidda, jirani. Kwa hiyo hata wao hawajamaliza. Lakini Nordfjella waliwahi ardhi kabla haijajaa, na hilo ndilo linalowapa nafasi ya kurudisha rendia pale siku za usoni.

Wafanyakazi wa wanyamapori huku wanaombwa kila mwaka wasubiri jeni ifanye kazi. Wanasiasa wanaipenda hoja hiyo kwa sababu haimlazimishi mtu kupunguza kulungu kwenye shamba lake wala kuacha kuwawekea mahindi ya kuwavuta, pale ambapo kulungu 20 wanalamba mate ya wenzao kwenye rundo moja. Marundo hayo yakiondolewa, maambukizi yanapungua kwa 96G na 96S sawasawa. Hakuna kipimo cha damu kinachohitajika wala vizazi vya kusubiri.

#13 Jabali_Nakuru

Na mizoga je? Mwindaji akishachukua nyama, mifupa na kichwa vinakwenda wapi?

#14 MwanaHandeni

Huku wanashauriwa wapeleke dampo lenye tabaka la chini lisilopitisha maji, au wafunge kwenye mfuko wachukuliwe na gari la taka. Sheria nyingi zinakataza kusafirisha uti wa mgongo na kichwa kutoka wilaya yenye ugonjwa kwenda isiyo nao. Wengi bado wanatupa porini nyuma ya nyumba. Kunguru, mbweha na rakuni wanakula, na kunguru wamejaribiwa: prioni zilipita tumboni mwao zikatoka kwenye kinyesi zikiwa bado na uwezo wa kuambukiza.

Daktari wa Isiolo, nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu namna ya kuhifadhi sampuli za ubongo kwa formalini na nyingine kwa barafu. Zihifadhi kwa njia zote mbili, maana ya formalini ni ya hadubini na ya barafu ndiyo ya kusoma jeni.